Mume wangu anataka nimfungie chumbani aache pombe

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi. Asubuhi mikono inamtetemeka mpaka apate glasi ya kwanza. Sasa mwenyewe kaniomba nimfungie chumbani wiki nzima, nimpe maji na chakula tu, na hata akilia nisifungue. Rafiki yake aliacha unga kwa njia hiyo. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimfungie. Nia yake ni njema na nisingependa ipotee, ila njia aliyoichagua inaweza kumuua.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea, ya unga (heroini) na ya pombe hazifanani. Anayeacha unga huumwa mifupa, hutapika, huhara na halali. Ni mateso, lakini akirudishiwa maji mwilini kwa kawaida huvuka. Kwa mnywaji wa kila siku hatari iko kwenye ubongo. Ubongo wake umezoea kupunguzwa kasi na pombe, nao umejiongezea kasi ili kushindana nayo. Pombe ikiondoka ghafla, ile kasi inabaki haina breki. Ndani ya saa 6 hadi 24 huanza jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kumwangusha ndani ya siku mbili za mwanzo, hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka. Nimewauguza hao: mtu mzima anachuna wadudu kwenye shuka nyeupe isiyo na mdudu, anabishana na ukuta, homa inapanda. Huyo ukimfungia mlango, nani atamwona?

Wodini tunamwambia anyooshe mikono na kutanua vidole. Tunatazama vinavyotetemeka, tunagusa viganja, tunahesabu mapigo, kisha tunarudia baada ya saa chache, usiku na mchana. Daktari humpa dawa kama diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi wamepungukiwa nayo na upungufu huo huharibu kumbukumbu na mwendo. Wengi hutulia ndani ya wiki.

Utashangaa nesi akikuambia hivi: mpaka aonwe na daktari, asikate pombe ghafla. Wala usimpe vidonge vya usingizi vya mtu mwingine. Vikichanganyika na pombe vinaweza kuzima pumzi.

Wiki hiyo husafisha mwili tu. Hamu, marafiki wa baa, hasira na usiku usio na usingizi vyote vitamngoja nje. Kwa hiyo kabla hajalazwa uliza nini kinafuata: ushauri nasaha, kikundi cha walioacha, dawa za kupunguza hamu kama naltreksoni. Na huyo rafiki yake, tafadhali mwambie kwamba mwili wake haujazoea unga tena. Kipimo alichokimudu zamani, leo kinaweza kumuua.

Mkienda hospitali, taja saa aliyokunywa mara ya mwisho, kiasi cha kila siku, kama aliwahi kuanguka degedege, na dawa zote anazomeza. Usipunguze chupa hata moja kwa kuona aibu. Daktari hupanga dozi kwa kufuata hesabu hiyo.