Mkono wako ulishuka kweli, ila si kwa sababu ya maziwa

SWALI: Shikamoo Mama Fizio. Mimi ni Mtanzania, tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu wa miaka sita analalamika tumbo mara kwa mara, hasa jioni. Rafiki wa kazini alinielekeza kwa kairopraka mmoja (wale wanaotibu kwa kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono) anayepima mzio wa chakula kwa misuli. Kwa kuwa mtoto hatulii, alinipima mimi kwa niaba yake: nikamshika mtoto kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikaunyoosha mbele, mtoto akawekewa kichupa kifuani, kisha yule bwana akaukandamiza mkono wangu. Kichupa cha mchele, mkono ukasimama. Cha maziwa, ukashuka. Ngano, mayai na karanga, vivyo hivyo. Tumeambiwa mtoto aache vyote vinne, na tumeuziwa vidonge vya lishe. Mume wangu anasema tumetapeliwa. Lakini mkono ni wangu, na nilikaza kwa nguvu zote. Ulishukaje? — Mama Junior

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa tumbo la Junior.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nakandamiza mikono ya watu tangu nilipomaliza chuo pale Moshi, kwa hiyo hapo umegusa kazi yangu. Kupima nguvu ya misuli kwa mkono ni kipimo halali kabisa. Kilikuzwa Boston mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa watoto waliopooza kwa polio, na hadi leo tunatoa alama 0 hadi 5. Sifuri, msuli haustuki hata kidogo. Tatu, mgonjwa anainua kiungo chake mwenyewe lakini ukimgusa tu kinashuka. Tano, anakuhimili. Kipimo hiki kinanieleza habari za msuli ule na mshipa wa fahamu unaouendesha. Habari za maziwa hakinipi.

Aliyekipeleka huko kwingine ni kairopraka wa Detroit, George Goodheart, mwaka 1964. Alidai kila msuli una kiungo chake cha ndani unachokisemea, ini, figo, tumbo, na kwamba msuli ukilegea ndipo kiungo kinalalamika. Baadaye ikaongezwa kwamba ukishika chakula kisichokufaa, msuli unalegea papo hapo. Kupimwa mama badala ya mtoto nako ni sehemu ya mafundisho yao, hakukubuniwa kwa ajili yako.

Sasa swali lako. Nisimame hapa kidogo, maana ndilo linalowasumbua watu wengi wenye akili zao timamu.

Mwambie baba Junior akunyooshee mkono. Weka kiganja chako karibu na kiwiko chake, kandamiza: atakuhimili. Sogeza kiganja hadi kwenye kifundo cha mkono, kandamiza kwa nguvu ileile. Utashuka, kwa sababu umeongeza urefu wa wenzo. Vidole vitatu tu vya tofauti vinatosha kubadili jibu. Halafu jaribu hivi: mara ya kwanza mwambie “shikilia”, subiri akaze, ndipo ukandamize polepole. Mara ya pili kandamiza nusu sekunde kabla hajajiandaa. Au vuta kidogo kuelekea nje badala ya chini. Na mkono uliokwisha kandamizwa mara tano, mara ya sita unaweza kushuka wenyewe kwa kuchoka.

Sisemi yule bwana alifanya hivyo makusudi. Wengi wao wanaamini kazi yao kwa dhati, na hapo ndipo ugumu ulipo. Anajua kichupa gani kiko kifuani kwa mtoto, na wewe unajua. Mkono wake unaongeza nguvu kidogo, wako unalegea kidogo, na hakuna kati yenu anayehisi kwamba amefanya lolote. Daktari Mwingereza William Carpenter alilieleza jambo hili tangu 1852: wazo linautikisa mwili bila mwenyewe kuamua.

Kuna kisa alichokisimulia mwanasaikolojia Ray Hyman. Makairopraka walikuja kwenye ofisi ya daktari mmoja huko Mountain View, California, kuonyesha kwamba mwili unaijua sukari mbaya na nzuri. Wakiweka tone la glukosi kwenye ulimi wa mtu, mkono unashuka. Wakiweka fruktosi, unasimama. Karibu kila mara ilitokea hivyo, mbele ya macho ya madaktari. Baada ya chakula cha mchana wakarudia, safari hii mirija ikiwa na namba tu, na hakuna mtu chumbani aliyejua ipi ni ipi. Mikono ikaanza kushuka na kusimama ovyo, bila uhusiano na sukari. Mkuu wao akamgeukia Hyman akamwambia kwamba ndiyo maana hawafanyi tena vipimo vya namna hiyo, havifanyi kazi kamwe! Nikiwasimulia wanafunzi wangu huwa wanadhani nimetunga.

Mwaka 1988 watafiti Wamarekani waliwapa wapimaji watatu wenye uzoefu watu 11 wale wale, waseme nani amepungukiwa na madini ya zinki, vitamini A, vitamini C au thiamini (vitamini B1). Hawakukubaliana wao kwa wao, wala na majibu ya maabara. Na mwongozo wa Marekani wa mzio wa chakula wa 2010 unawaambia madaktari wasitumie kipimo hiki.

Baba Junior asijisifu sana, lakini. Kama ni miongoni mwa waliovaa bangili za mpira za Power Balance, zilizodaiwa kuongeza nguvu, basi na yeye alishanaswa: ziliuzwa kwa mchezo huohuo wa kukandamiza mkono, hadi kampuni ilipolazimika kukiri huko Australia kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi.

Tuje kwa mtoto. Mpeleke kwa daktari wake wa watoto, na kabla ya hapo usimwondolee ngano. Nasisitiza hili kwa sababu kipimo cha damu cha ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano) kinataka mtoto awe bado anakula ngano, ukiiacha mapema majibu yanaweza kutoka safi hali ana ugonjwa. Maziwa ni suala jingine: watoto wengi wa asili yetu, wanapokua, huanza kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, wakajaa gesi na kuharisha. Hilo si mzio. Andika kwa wiki mbili anachokula, saa ya maumivu, na choo chake kikoje. Usione haya kuhusu choo. Choo kigumu ni sababu ya kawaida sana ya tumbo la watoto, na mama wengi hawajui kwamba mtoto anayekwenda kila siku naye anaweza kuwa amefunga. Ukiona damu chooni, anapungua uzito, anatapika kila mara au maumivu yanamwamsha usiku, usingoje miadi.

Kama daktari atashuku mzio wa kweli, kuna kipimo cha kuchoma ngozi kidogo, kuna cha damu, na kuna kula chakula chenyewe kidogo kidogo mbele ya daktari. Usikubali mtu apime karanga kwa mkono akakwambia ziko salama. Kumnyima mtoto chakula bure ni hasara, lakini kumpa karanga mtoto mwenye mzio nazo kunaweza kumuua.

Vile vidonge usimpe. Beba chupa zenyewe umwonyeshe daktari, maana vitamini A ikizidi ni sumu kwa mtoto. Na kama risiti unayo, zile ambazo hazijafunguliwa jaribu kuzirudisha wiki hii hii.