Chuo kinauza fotokopi za kitabu cha mtu: je, mshahara wangu ni halali?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Nafundisha ushonaji katika chuo binafsi cha ufundi hapa Dar es Salaam. Mume wangu amefariki, nina watoto watatu, na mshahara huu ndio tunaoutegemea. Mkurugenzi hunipa kitabu cha mwandishi wa hapa nchini nikitoe fotokopi, nifunike jina lake, kisha tuwauzie wanafunzi kwa shilingi 12,000 kama notisi za chuo. Kitabu kingine tumekipakua kwenye intaneti. Mwanzoni kimeandikwa kuwa ni ruhusa kukinakili bure, ila jina la mwandishi libaki na kisitumiwe kibiashara. Nilipohoji, Mkurugenzi alisema kuna sheikh amemwambia elimu ni ya Mwenyezi Mungu, haina mwenyewe, na cha intaneti isitoshe ni cha wasio Waislamu. Je, nakula haramu? Niache kazi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akukuzie watoto wako katika kheri.

Kurasa ulizonitumia nimezitazama moja moja. Chini ya kila ukurasa kuna kivuli cha kijivu, alama ya ule ukanda wa karatasi mlioufunikia jina. Kwenye ukurasa wa pateni ya gauni ukanda umekula na mstari mmoja wa maandishi. Umenieleza kuwa mstari huo unasema vipimo havijajumlisha mshono, na kwamba fundi aongeze sentimita moja na nusu kila upande. Mwanafunzi wako hakuuona. Akakata kitenge cha mteja, gauni likambana kifuani, na kitenge akakilipa yeye. Nimeukazia macho sana ukurasa ule.

Kufunika jina na kuuza ni haramu kwa sababu mbili: ni kula mali ya mtu bila ridhaa yake, na ni kuwadanganya wanafunzi. Mtume (S.A.W.) amesema katika hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba anayejionyesha kashiba kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Chuo kinachoweka nembo yake juu ya jasho la mwingine kimezivaa nguo hizo.

Ama kauli ya kwamba elimu haina mwenyewe, hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu, maana siku hizi naisikia hata kwa watu wa dini. Inavutia kwa kuwa nusu yake ni kweli. Namna ya kupima bega na kiuno si milki ya mtu. Jifunze, fundisha, hakuna wa kukuzuia. Lakini kitabu kile, kwa mpangilio wake, michoro yake na maneno yake, ni kazi ya mikono ya mtu aliyekesha. Sisi watu wa pwani tumesoma fiqhi, yaani elimu ya hukumu za dini, ya Imamu Shafii, na kwake manufaa ya kitu, si kitu chenyewe tu, ni mali, yanauzwa na kukodishwa. Wamo wanazuoni wa madhehebu ya Kihanafi wa Bara Hindi waliosita juu ya haki ya mwandishi, nami nawaheshimu, ila hata hao hawakuruhusu kufuta jina la mtu. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikutana Kuwait, na katika azimio lake nambari 43 likatamka kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia.

Na jambo hili halikuanza Kuwait. Mwanazuoni Ghazali amenakili katika kitabu chake Ihyaa kwamba Imamu Ahmad aliulizwa kuhusu mtu aliyedondosha karatasi yenye hadithi: je, aliyeiokota aweza kunakili kisha airudishe? Akajibu: hapana, aombe idhini kwanza ndipo anakili. Hizo ni hadithi za Mtume, binti yangu, na karatasi ilikuwa inarudi kwa mwenyewe. Pateni za magauni zinazouzwa shilingi 12,000 zina udhuru gani?

Wenye kauli hiyo wanaleta pia hadithi ya atakayeficha elimu kuvishwa hatamu ya moto. Khattabi, mfafanuzi wa hadithi, ameieleza kuwa inahusu elimu ambayo ni wajibu kuifundisha. Tena mwandishi huyu kaficha nini, na kitabu chake kiko dukani? Aliyeficha ni aliyeweka ukanda juu ya jina. Na kama elimu haina mwenyewe, kwa nini chuo kinatoza ada na kumtoa darasani asiyelipa? Masahaba walichukua kondoo kwa kumsomea mgonjwa Al-Fatiha, na Mtume akasema kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Ujira wa mwalimu umehalalishwa, halafu kazi ya mwandishi iwe bure?

Hoja ya kwamba mwandishi si Mwislamu inaniumiza zaidi, kwa sababu inaitia dini yetu aibu. Mughira bin Shuuba alikuja kusilimu akiwa na mali aliyowanyang'anya washirikina aliofuatana nao safarini. Mtume akamwambia: Uislamu wako naukubali, ama mali hiyo sina haja nayo. Yamo katika Bukhari. Na Mtume mwenyewe alifariki deraya yake, vazi lake la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Hakusema mali ya Myahudi ni ngawira.

Kitabu cha intaneti kitazame kama wakfu, mali iliyotolewa watu wanufaike nayo kwa masharti ya mtoaji. Mafaqihi, wanazuoni wa fiqhi, wanasema sharti la mweka wakfu ni kama matini ya Sharia. Mtu akichimba kisima mlangoni pa msikiti, watu wakanywa bure, kisha mmoja akaja na ndoo akajaza chupa akaenda kuziuza stendi, huyo hawezi kujitetea kwa kusema "si maji ya bure?" Wanafunzi wakikipakua wenyewe kwenye simu, jina likiwepo, nawe ukafundishia, mimi sioni kuwa hapo umekiuza. Kukichapa na kukitia bei ni biashara. Na kwa kuwa chuo chenu ni cha ada, mwandikieni mwandishi mumuulize, barua pepe haigharimu kitu.

Sasa mshahara wako. Mshahara unalipwa kwa kufundisha, na kufundisha ni halali, kwa hiyo usiwanyime watoto chakula kwa wasiwasi. Usiache kazi. Usilopaswa kulifanya tena ni kufunika jina. Nenda kwa Mkurugenzi kwa adabu, mkononi uwe na njia badala ya lawama. Mpendekezee amwombe mwandishi idhini ya kunakili kwa malipo ya kila nakala, ikiandikwa, au wanunue vitabu vyake kwa jumla. Ikiwa nakala zilizokwisha kuuzwa zina deni, mwenye deni hasa ni aliyepokea fedha. Wewe, kwa kuwa mkono wako ulishiriki, muombe mwandishi radhi. Mkumbushe Mkurugenzi pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Imemwachia mwalimu nafasi ya kutumia sehemu ya kazi ya mtu kama mfano wa kufundishia, kwa sharti la kumtaja. Kuuza kitabu kizima si nafasi hiyo.

Akikataa yote, andika notisi zako. Unajua kukata na kushona, chora pateni zako kwa mkono wako, kwa maneno unayowaambia wanafunzi kila siku. Ila kabla ya kuanza muandikiane ni mali ya nani, yako au ya chuo, maana Qur'ani imetuamuru kuandika madeni, na hili lisipoandikwa litawagombanisha.

Na kesho asubuhi, kabla ya somo, waambie wanafunzi wafungue ukurasa wa gauni waandike kwa kalamu: ongeza sentimita moja na nusu kila upande. Kisha pale penye kivuli waandike jina la mwandishi.

Wallahu aalam.