Kukadiria uzito wa trauti kwa futi ya kupimia: kwa anayeanza kazi ya mabwawa

Anayetoka kwenye vizimba vya ngege (tilapia) vya Ziwa Victoria, Ogal au Usenge, akapanda nyanda za baridi za Mau kufuga trauti, huponzwa kwanza na macho yake. Ngege wa sentimita 25 ana gramu 280 hivi. Trauti wa urefu huohuo huwa na 170 tu, kwa sababu mwili wake ni mwembamba na mrefu. Ukimkisia kwa jicho la ziwani utamzidishia uzito, na chakula chake utakizidisha vilevile, maana chakula cha bwawani hupimwa kwa asilimia ya uzito wa samaki. Kinachobaki huoza chini na kula hewa ya maji.

Kanuni ya kuanzia ni hii: pima urefu na mzunguko wa mwili kwa sentimita, urefu mara mzunguko, mara mzunguko tena, kisha gawa kwa 29. Jibu ni gramu. Samaki wa urefu wa 30 na mzunguko wa 17 anatoa 30 × 17 × 17 = 8,670, na ukigawa kwa 29 unapata kama gramu 299. Wavuvi wa ndoana wa Uingereza na Marekani hutumia kanuni hiyohiyo kwa inchi na ratili, ila wao hugawa kwa 800. Usichanganye vipimo hivyo viwili.

Hiyo 29 ina maana yake. Chukua bomba lenye urefu na mzunguko wa samaki wako, lijaze maji: uzito wa maji hayo ni urefu mara mzunguko mara mzunguko, gawa kwa 12.57. Trauti hajazi bomba hilo, kwa kuwa amechongoka kichwani na mkiani. Hulijaza kwa asilimia 43 au 44 tu. Ndiyo maana kigawanyo kinapanda hadi 29. Na ndiyo maana kanuni hii haimfai ngege: yeye ni bapa ubavuni, mzunguko uleule unafunika nyama kidogo zaidi, hivyo 29 itamzidishia uzito.

Mzunguko unaingia mara mbili kwenye hesabu, kwa hiyo hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Ukikosea urefu kwa sentimita moja kwa samaki wa 30, uzito unapotoka kwa asilimia 3 hivi. Ukikosea mzunguko kwa sentimita moja, ukaandika 18 badala ya 17, unapata gramu 335: umekosea kwa asilimia 12. Kwenye bwawa la samaki 1,000 hizo ni kilo 36 ambazo hazipo. Kama unalisha asilimia 1.5 kwa siku, unamwaga zaidi ya nusu kilo ya chakula kila siku, kilo 16 kwa mwezi, na chakula cha trauti si cha bei ya mchezo.

Makosa ya mzunguko hutoka sana kwenye futi yenyewe. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani huvutika ikilowa. Tumia ya plastiki isiyovutika, au uzi mgumu unaouzungusha, unaubana kwa kidole, kisha unaunyoosha juu ya rula ya chuma. Izungushe futi mbele kidogo ya pezi la mgongoni, mahali mwili ulipo mnene zaidi, bila kufunika pezi lolote. Ilale juu ya ngozi tu. Ukiikaza tumbo linabonyea. Ukiilegeza inaacha nafasi ya hewa. Soma hadi milimita.

Urefu upimwe juu ya ubao wenye rula na ukingo upande mmoja. Pua iguse ukingo, mdomo ufungwe, samaki alale kwa ubavu bila kupinda. Malizia kwenye bonde la mkia, pale panapogawanyika, kwa sababu ncha za mkia wa trauti wa bwawani mara nyingi zimelika kwa kusugua kuta. Muhimu kuliko mahali pa kuishia ni kuishia palepale kila mara. Mfanyakazi mmoja akipima hadi bondeni na mwenzake hadi nchani, daftari lote halina maana.

Usiwalishe samaki saa 24 kabla ya kupima, la sivyo unapima chakula kilicho tumboni. Fanya kazi asubuhi maji yakiwa baridi, lowesha mikono na ubao, na usimweke samaki nje ya maji zaidi ya nusu dakika. Wakirukaruka sana, walaze usingizi kwa mafuta ya karafuu: changanya mililita 1 ya mafuta na 9 za alkoholi safi, tikisa, kisha weka mililita 4 za mchanganyiko huo kwenye lita 10 za maji. Mafuta peke yake hayachanganyiki vizuri na maji baridi. Samaki wanaokaribia kuuzwa wasiwekewe dawa hiyo.

Kisha tafuta kigawanyo cha bwawa lako mwenyewe. 29 ni ya kuanzia tu. Pima samaki 20 kwa futi na kwa mizani pia. Kwa kila mmoja, zidisha urefu mara mzunguko mara mzunguko, ugawe kwa gramu za mizani. Mwenye urefu wa 28, mzunguko wa 16 na gramu 240 anatoa 29.9. Wastani wa hao 20 ndio kigawanyo chako. Usiwaingize samaki wazazi kwenye hesabu hii. Jike mwenye mayai amefura tumboni tu, si mwili mzima, hivyo futi humpa uzito asio nao. Dume aliyekomaa hurefuka taya na kupata urefu usio na nyama.

Ukishapata kigawanyo, kila unapokadiria uzito wa bwawa wavute samaki kwa juya, angalau 30, kutoka pembe zote za bwawa. Wavu wa kuchotea ukiutumbukiza mahali pa kulishia utaleta wakubwa wanaowasukuma wenzao.

Lipo kosa moja la hesabu linalowapata hata waliosoma: kutafuta wastani wa urefu kwanza, halafu kukokotoa uzito mara moja. Chukua samaki watatu wa umbo moja, wa sentimita 20, 30 na 40. Kwa kuwa umbo ni moja, mzunguko hukua pamoja na urefu, hivyo uzito hufuata urefu mara urefu mara urefu. Wastani wa urefu ni 30, na 30 × 30 × 30 ni 27,000. Lakini ukikokotoa kila mmoja peke yake unapata 8,000, 27,000 na 64,000, ambazo wastani wake ni 33,000. Umepunja uzito wa bwawa zima, na samaki watalala njaa. Kokotoa uzito wa kila samaki kwenye mstari wake, ndipo utafute wastani wa uzito.

Kigawanyo kipimwe upya unapobadilisha aina ya chakula, na unapowatenga wakubwa na wadogo, maana umbo la mwili hubadilika pamoja nao.