Viatu vya Kike Kwenye Usaili

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26 na nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Mguu wangu ni mdogo, navaa namba 38, na viatu vya ngozi vya kiume vya namba hiyo nimevitafuta bila mafanikio. Juzi nilipata mtumba mzuri pale soko la Karume, mweusi wa kamba, lakini fundi niliyempelekea anishonee soli ameniambia kuwa ni viatu vya kike. Je, nikivivaa nitajiharibia?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuitwa. Aibu hiyo iweke kando, kwa sababu mguu mdogo si kosa, na kiatu cheusi cha kamba kisicho na urembo hakimwambii chochote mtu aliyeketi upande wa pili wa meza. Hata kisigino kirefu chenyewe kilivaliwa na wanaume kabla ya wanawake: wapanda farasi wa Uajemi walikitumia ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha tandiko la farasi, na katika picha iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa amesimama akiwa na visigino vyekundu.

Alichokiona fundi wako ni umbo. Kishike kiatu ukitazame kwa nyuma: kama kisigino kimechongwa kikaingia ndani kuelekea chini, na soli ni nyembamba pembeni, hapo ndipo ukike wake ulipo. Mwombe akibandue kisigino hicho abandike kipana kinacholingana na soli, lakini asikipunguze sana kimo, kwa maana ncha ya kiatu itainuka mbele na utatembea kama unayerudi nyuma. Kama kisigino ni chembamba kinacholia kwenye vigae, usivivae, kwani utaingia chumbani ukisikiliza miguu yako badala ya maswali.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni upana. Namba za Ulaya hupima urefu tu, nazo hazitenganishi mwanamume na mwanamke, ila kiatu cha kike kwa kawaida hubana zaidi vidoleni na kisiginoni. Vivae nyumbani saa nzima, jioni, wakati mguu umeshavimba kwa joto na kusimama kwenye daladala. Vikikuuma, nenda kwenye maduka ya viatu vya shule uulizie vya wavulana wa sekondari. Namba 38 hupatikana, ngozi nyeusi, kamba, soli pana, na ukivipaka kiwi usiku wa kuamkia usaili vinapendeza kabisa na suruali ya kitambaa. Mimi ningeanzia huko.

Iwapo mjumbe yeyote atauliza habari za viatu vyako, mjibu kwa utulivu kwamba unavaa namba 38, kisha mrudishe kwenye hesabu.