Re: Bisibisi ya nyota inateleza kwenye skrubu za kabati

Salaam mkuu. Umesema bawaba za kabati lako la jikoni zimelegea, kila ukikaza bisibisi ya nyota inaruka na tundu linalika. Yalinikuta Mbagala, nikadhani bisibisi ni feki, nikaenda Kariakoo kununua nyingine. Ikateleza vilevile.

Kwanza angalia kichwa cha skrubu kwa tochi ya simu. Ukiona vimistari vyembamba vinne katikati ya mikono ya msalaba, hiyo si nyota ya kawaida, ni Pozidriv. Inataka bisibisi iliyoandikwa PZ. Ya PH (Phillips, ile nyota ya kawaida) inaingia, ndiyo maana inatudanganya wengi, ila haijazi tundu. Skrubu za unene wa milimita 3.5 hadi 5 huchukua PZ2 (namba ni ukubwa wa ncha), na za bawaba nyingi zimo humo. Kama vimistari havipo, basi jaribu PH2 kabla ya PH1; ukubwa sahihi ni ule usiocheza ukiutikisa. Dukani usikubali kuambiwa "zote nyota hizo", soma maandishi kwenye mpini au chuma chenyewe.

Zilizokwisha kulika, weka kipande cha mpira mwembamba (mimi nilikata puto la mtoto, akalia) juu ya tundu, gandamiza kwa uzito wa mwili, zungusha taratibu. Kwangu zilitoka tatu kati ya nne. Ya nne niliing'oa kwa plaizi.

Usitumie drili kukazia, mbao za unga (za vumbi la mbao lililogandishwa) za makabati hazivumilii.