Barua kwa mwanangu askari aliye Beni, mashariki mwa Kongo

Mwanangu mpendwa,

Huku Isevya hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama inafaa umlete Tabora yule mbwa anayelala mlangoni mwa hema lenu, zamu ikiisha. Mambo ya vibali maafande wako na daktari wa mifugo watakueleza. Mimi nataka kujua jingine: wenyewe ni nani?

Maana hakuna mbwa asiye na kwao. Hili mmelisikia mpaka mkalichoka, lakini mimi nililiona Kyaka, mwishoni mwa 1978. Daraja la mto Kagera lilikuwa limelipuliwa, majeshi ya Amin yamerudi kwao. Tulipovuka tulikuta vibanja vya migomba kimya, watu wamekimbia, ng'ombe wameswagwa kupelekwa Uganda. Waliobaki ni mbwa. Mmoja wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, akanifuata. Tukamwita Mgambo. Nikila, hakurukia sahani. Alikaa akitazama mkono wangu tu. Usiku alilala juu ya miguu yangu handakini, na akiinua kichwa, nasi tunashika silaha. Usingizi unaoupata vitani kwa sababu kuna masikio mengine yanakusikilizia, baba, wewe sasa unaujua.

Kisha wenyeji wakaanza kurudi. Mama mmoja alipita barabarani, mzigo kichwani, akaita jina la Kihaya ambalo sikulishika. Mgambo alitoka miguuni pangu kama mshale. Hakugeuka hata mara moja. Yule mama alitupa mzigo chini akamkumbatia, analia. Katika vyote alivyoviacha, alichokikuta ni huyo. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Na hadi leo nikikumbuka naumia. Niumie kwa nini? Mbwa alitenda haki.

Ndiyo nasema hakuna mbwa asiye na kwao. Lakini tena najijibu: huko Beni watu wamewakimbia waasi wa ADF mara ngapi? Pengine wenyewe hawapo tena duniani. Mkiondoka mkamwacha, si atakuwa ametupwa mara ya pili? Hapo nakwama.

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata? Usilipuuze hilo. Aking'ata mtu, hata akimkwaruza tu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu akachomwe sindano siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza hapana dawa.

Basi uliza kwanza kwa waliokimbia vita, hapo jirani na kambi yenu. Mpitishe na mbwa mwenyewe wamwone. Asipotokea mwenyewe, mimi sisemi mlete, wala sisemi usimlete. Uamuzi ni wako, wewe ndiye unayelala naye. Ila mama yako ameshamwita fundi apime kibanda chini ya mwembe, nami sikumkataza.

Baba yako