Jasho Ndilo Lililokuponza

SWALI: Mhariri, ninaishi Minnesota, Marekani. Novemba iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinichukua kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Nilitembea nusu saa kwenye theluji nikiwa nimevaa makoti mawili, nikapanda jukwaa la kuwindia lililofungwa juu ya mti, upande wa juu wa bonde, nikatulia kabla ya mapambazuko. Kulungu alitokea bondeni, akapiga kwato chini, akakoroma, kisha akatoweka mkia ukiwa juu. Je, ni jaketi langu la rangi ya machungwa lililoniponza?

JIBU: Ndugu msomaji, jaketi halina hatia, wala usithubutu kulivua, kwa kuwa sheria ya Minnesota humtaka mwindaji wa msimu wa bunduki avae kofia na vazi la juu la rangi kali ya machungwa au ya waridi ili wenzake wamwone. Jicho la kulungu (tunamwita hivyo kwa kukosa jina jingine, maana huyu huangusha pembe kila mwaka, kulungu wa kwetu haangushi) halitofautishi vizuri machungwa na kijani. Huona zaidi buluu, hivyo epuka sabuni za kung'arisha nguo, maana huziachia mng'ao wa buluu.

Nadhani lililokuponza ni jasho. Nusu saa ndani ya makoti mawili hulowesha fulana, na ukishakaa, unyevu huo hukupoza hadi ukaanza kutetemeka na kujigeuzageuza, huku harufu yake ikichukuliwa na hewa. Wazoefu hutembea polepole wakiwa na nguo nyepesi, ingawa baridi huwachoma hatua za mwanzo, na makoti huyabeba mgongoni. Wakifika husubiri mwili upoe, ndipo wakavaa. Koti la sufu ni bora, kwa sababu kitambaa cha plastiki hukakamaa kwa baridi na kuchakarika kila unapoinua mkono.

Tena, kabla jua halijapasha ardhi, hewa baridi huwa nzito na huteremka bondeni, yaani kule kule alikotokea mnyama wako. Jua likishapanda, hewa nayo hupanda mteremko. Tazama mvuke wa pumzi yako: unakoelekea ndiko harufu yako inakokwenda, na njia ya kulungu isiwe upande huo wa jukwaa.

Kupiga kwato ni dalili ya shaka tu. Ukiganda papo hapo bila hata kugeuza shingo, huenda akarudi kula. Akishakoroma na kuinua mkia, huyo amekwenda.